Mablanketi wa Penafria: Ushindi Usiotakiwa

"Ukishinda leo, Miro, umetuuza."

Maneno hayo ndiyo yaliyomgandisha kocha Belmiro Quintela Jumapili iliyopita, mkono wake ukiwa kwenye kitasa cha mlango wa chumba cha wachezaji. Ilikuwa mapumziko, matokeo sufuri kwa sufuri, na sare ingewashusha daraja. Alibaki palepale. Hakufungua mlango. Alimtazama dada yake Florinda kama mtu aliyeamshwa usingizini akaulizwa hesabu.

"Umesemaje?"

"Umenisikia." Florinda ndiye mwenye baa ya uwanjani. Alikuwa bado na aproni, mikono inanuka kahawa na mafuta ya kukaangia samaki. "Nimewapelekea kahawa kule juu jukwaani. Mwenyekiti na yule Mhandisi Brandão wa kampuni ya pwani. Wala hawakunyamaza nilipoingia. Kwao mimi ni sinia lenye miguu."

"Wamesema nini?"

"Timu ikibaki daraja la pili, Agosti inahamia pwani. Jina jipya, jezi mpya, uwanja mpya. Kampuni haiitaki Penafria, Miro. Inataka nafasi yetu kwenye ligi, basi. Tukishuka leo hakuna wanachokitafuta hapa. Watafunga mabegi, waende zao."

Belmiro aliegemea ukuta. Mvua ya Mei ilikuwa inapiga bati la paa kama mtu anayemwaga maharage.

"Kwa hiyo unataka nifungwe."

"Sitaki chochote. Nimechoka kutaka. Nimekwambia ujue, ili kesho usiseme hukuambiwa."

Akageuka, akarudi kwenye wateja wake.

Msomaji, mwelewe mtu huyu. Klabu ya União de Penafria ilianzishwa na wafumaji wa kiwanda cha blanketi, na jezi zao za kwanza zilikatwa kwenye kitambaa cha sufu ambacho hakijatiwa rangi. Ndiyo maana mpaka leo wanavaa kahawia. Wapinzani waliwacheka, wakawaita Mablanketi. Wao wakalichukua jina wakalivaa.

Kiwanda kikafungwa. Sinema ikafungwa. Treni ikaacha kupanda mlimani. Klabu ikabaki.

Ilicheza ligi kuu msimu mmoja tu, nahodha akiwa Belmiro huyuhuyu, ikamaliza ya mwisho. Lakini majira yale ya baridi vigogo wa Lisbon walipanda huku, wakakuta theluji imefagiliwa kwa sepetu za waoka mikate, wakatoka sare. Watu wa Penafria wanaisimulia sare ile kama iliyotokea Jumanne iliyopita.

Na sasa hii.

Viatu vilisikika kwenye ngazi. Akashuka Amândio Lousada, mwenyekiti wa klabu, mwenye duka la dawa, ndiye aliyesimama pembeni ya Belmiro siku ya ndoa yake.

"Miro! Bado hujaingia? Wape moyo vijana, bwana. Bao moja tu!"

"Amândio. Tunahamia pwani?"

Mwenyekiti alitabasamu. Kisha tabasamu likamporomoka usoni.

"Nani kakwambia?"

"Basi ni kweli."

"Nisikilize—"

"Nimekuuliza kitu kimoja."

Amândio alikaa kwenye ngazi, suti yake na yote, juu ya matope ya viatu vya wachezaji.

"Ulikuwa unaangalia jukwaani leo? Nusu ya waliokuja wana fimbo za kutembelea. Mwaka jana tumezika mashabiki wengi kuliko tuliowaandikisha. Nimeibeba klabu hii miaka kumi na tisa, Miro. Mke wangu amekufa nikiwa kwenye kikao cha klabu. Sina mgongo tena."

"Na wewe utakwenda pwani?"

"Mimi nitakwenda kulala." Akainua macho mekundu. "Shinda mechi. Vijana wabaki na kazi zao. Ubaya uko wapi hapo?"

Belmiro akashika tena kitasa.

Mlango ukafunguka kutoka ndani. Alisimama Rosendo, kipa, mzaliwa wa Penafria, kipara kinang'aa kwa jasho. Alikuwa ameshika glovu mkononi.

"Kocha," alisema, "mbao ya mlango huu ni nyembamba. Tumesikia yote."

*

Ndani hakuna aliyekuwa anakunywa maji. Wachezaji walikuwa wamekaa kama abiria walioambiwa gari limeharibika.

"Ni kweli?" aliuliza mmoja.

"Ni kweli," alisema Belmiro.

Rosendo alitupa glovu chini. "Basi mimi sijui mnangoja nini! Babu yangu alidaka kwenye timu hii. Baba yangu alidaka. Leo nidake ili watu wa pwani wapate timu? Aende Mhandisi Brandão akadake mwenyewe!"

"Wewe una kazi ya kuuza matairi kwa shemeji yako!"

Sauti hiyo ilitoka kona ya mwisho. Ilikuwa ya Edmilson, mshambuliaji, kijana wa Bissau, mpole kiasi kwamba msimu mzima mwamuzi alikuwa hajawahi kumwonya. Leo alikuwa amesimama.

"Tukishuka, wewe Rosendo Jumatatu utauza matairi. Mimi je? Mkataba wangu unakufa timu ikishuka. Kibali changu cha kuishi nchi hii kinakufa na mkataba. Nina mama kule Bissau na wadogo zangu wanne. Mnataka nipige nje kwa ajili ya blanketi?"

"Ulizikuta blanketi hizo zinakupa joto, kaka!"

"Na ninashukuru! Lakini sikuzaliwa nazo!"

Wakasogeleana. Mabeki wakaingia katikati. Benchi likaanguka.

"Kaeni," alisema Belmiro.

Hakupiga kelele. Hakuwa na nguvu ya kelele. Labda ndiyo maana walikaa.

Alivua kofia iliyolowa, akaiweka mezani. Miaka yote alikuwa na la kusema mapumziko. Alisema wakiwa nyuma mabao manne. Alisema siku daktari wa timu alipofia kwenye basi. Leo alitafuta neno, akakuta ghala tupu.

"Sina hotuba," alisema. "Nimechoka, vijana wangu. Nimechoka tangu Krismasi, nilikuwa sitaki mjue. Rosendo anasema kweli. Edmilson anasema kweli. Mimi ningependa mmoja wenu awe mwongo, ingenirahisishia kazi."

Mtu mmoja alicheka kidogo, akaacha.

"Nimefundisha watu kukaba. Nimefundisha kona, nimefundisha kurusha mpira. Kufungwa kwa makusudi sijui kunafundishwaje. Nikiwaambia leo mfungwe, kesho nikikutana na mmoja wenu mtaani nitamwangalia wapi? Nendeni mkacheze mpira."

"Na mimi je, kocha?" Rosendo alikuwa ameinamisha kichwa. "Mpira ukinijia?"

"Ukikujia, udake."

"Kirahisi hivyo?"

"Hakuna kilicho rahisi. Udake tu."

Kipyenga kikalia nje. Rosendo aliokota glovu zake, akatoka bila kumtazama mtu.

*

Kipindi cha pili kilianza vibaya kwa wote.

Mablanketi walicheza kama watu waliobeba magunia. Pasi zilikuwa fupi, miguu mizito. Wageni kutoka kusini, ambao hawakuwa na cha kupoteza wala cha kupata, walicheza wakifikiria basi lao. Jukwaani wazee walipiga ngoma na kuimba wimbo wa kiwanda, kwa sauti zilizokauka kwa sigara na baridi.

Belmiro alisimama kwenye mvua, mikono mfukoni.

"Miro!" Alikuwa Florinda, amesimama kwenye kibaraza cha baa, viganja vimezunguka mdomo. "Mtoe Edmilson! Mtoe!"

Mashabiki wakamgeukia kwa mshangao. Mmoja akamjibu, "Florinda, umelewa kahawa yako? Mtoto anacheza vizuri!"

Belmiro alimtazama beki wa akiba, aliyekuwa anapasha misuli pembeni. Lingekuwa jambo dogo sana. Mtoe mshambuliaji, ingiza beki, linda sare. Waandishi wangesema mzee aliogopa. Kesho wangesahau. Kampuni ingeondoka, na Jumapili za Penafria zingebaki Jumapili.

"Njoo," alimwambia beki.

Beki akavua koti. Msaidizi akachukua ubao wa namba, akaanza kubonyeza. Namba tisa. Edmilson.

Upande wa pili wa uwanja Edmilson aliuona ubao. Hakupinga. Alisimama tu, mikono imening'inia, akautazama kama mtu anayesoma jina lake mlangoni mwa hospitali.

Belmiro aliiona sura ile. Akajua moyo wake umeshindwa.

"Rudisha," alimwambia msaidizi.

"Kocha?"

"Rudisha ubao. Hakuna mabadiliko."

Mwamuzi wa pembeni alitikisa kichwa. Beki alivaa koti lake tena. Na kabla hajafunga zipu, mpira wa kurushwa ulimfikia Edmilson akiwa amelipa lango mgongo. Akageuka. Beki wa wageni akateleza kwenye matope. Edmilson akaenda, akaenda, kipa akamtokea, akamlaza upande wa kushoto na mpira akaupeleka kulia.

Moja kwa sufuri.

Uwanja ulilipuka! Wazee walikumbatiana, fimbo zikaanguka. Mwanamke mmoja alimbusu padri. Ngoma ikapasuka, wakaendelea kuipiga upande uliobaki mzima.

Edmilson hakushangilia. Alirudi katikati akitembea, akimtazama Rosendo kule golini, mbali. Rosendo naye alikuwa anafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Kwenye benchi Belmiro aliketi. Aliwatazama watu wale wanaolia kwa furaha, watu aliowajua kwa majina na kwa magonjwa yao, na akatamani mtu awaambie waache.

*

Zilibaki dakika za nyongeza.

Krosi ikaja, ya hovyo, isiyo na madhara. Beki wa Penafria akanyanyua mkono usoni kujikinga na mvua, au na aibu, nani ajuaye. Mpira ukampiga mkononi.

Kipyenga. Mkono wa mwamuzi ukaelekea kwenye duara dogo jeupe.

Penalti!

Ngoma ilinyamaza. Jukwaani mtu alianza kusali kwa sauti, wengine wakamfuata.

Rosendo alisimama kwenye mstari wake. Mpigaji aliweka mpira, akaufuta matope, akarudi nyuma. Na hapo kipa akafanya jambo ambalo kipa hafanyi: akaondoa macho kwenye mpira, akamtazama kocha wake.

Kila kitu kilikuwa kwenye macho hayo. Babu. Baba. Jezi ya kahawia. Nisogee huku, kocha? Au nisisogee kabisa? Hakuna atakayejua. Niambie tu.

Kidole kimoja kingetosha. Kutikisa kichwa kungetosha.

Belmiro alimgeuzia mgongo.

Alitazama milima, ambayo haikuonekana kwa mawingu. Akasikia kipyenga. Akasikia mguu ukigonga mpira. Kisha kimya, kidogo tu, cha kumeza mate.

Kisha ule mlio.

Hakuhitaji kugeuka. Alikuwa ameusikia mlio huo tangu utotoni, aliujua kama anavyoijua kengele ya kanisa. Rosendo alikuwa ameudaka.

Mechi ikaisha. Mablanketi wamebaki daraja la pili. Watu wakaruka uzio, wakamwagika uwanjani kama mvua yenyewe.

Belmiro alimkuta Rosendo amepiga magoti golini, amekumbatia mpira, analia kwa kwikwi.

"Nilitaka kuuacha, kocha. Haki ya Mungu nilitaka. Mikono ilikwenda yenyewe."

"Najua."

"Kwa nini uligeuka? Kwa nini uliniacha peke yangu?"

Belmiro alimshika kipara. "Kwa sababu ningekwambia uuache," alisema.

*

Katikati ya uwanja mtangazaji alikuwa anasoma majina ya mashujaa kwenye kipaza sauti. Hakufika hata la tatu. Mkono wenye harufu ya samaki ukamnyang'anya.

"Mimi Florinda Quintela," sauti ikasikika mji mzima. "Mnanijua. Nyamazeni kidogo."

Mwenyekiti Amândio alijaribu kuupita umati. Hakuwahi.

"Mnashangilia nini? Mnashangilia mazishi yenu! Timu hii imeshapewa watu wa pwani. Agosti hamna timu. Hawa wawili wanajua." Akanyoosha kidole: kwa Amândio, na kwa mtu mrefu aliyeshuka jukwaani na mwavuli, viatu safi. Mhandisi Brandão wa kampuni.

Furaha haikufa mara moja. Ilikufa vipandevipande. Wa mbele waliacha kuimba, wa nyuma wakaendelea, kisha wa nyuma nao wakauliza kuna nini.

"Uongo!" mtu alipiga kelele. "Amândio, sema ni uongo!"

Amândio aliinamia viatu vyake.

Ndipo mzee mmoja, shabiki ambaye hakukosa mechi tangu enzi za kiwanda, akamgeukia Belmiro. Alikuwa bado amevaa skafu ya kahawia shingoni.

"Na wewe, nahodha? Wewe ulijua?"

Florinda alishusha kipaza sauti. Usoni mwake Belmiro aliona kwamba hilo hakulitaka. Alikuwa amewaanika wawili, si watatu. Alikuwa amemwachia mdogo wake mlango wa kutokea.

Belmiro aliutazama mlango huo. Akauacha wazi, asipite.

"Nilijua," alisema. "Tangu mapumziko."

"Na ukashinda?"

"Tukashinda."

Mzee alivua skafu yake. Hakuitupa. Aliikunja vizuri, akaiweka miguuni pa Belmiro, akajiondokea. Afadhali angemtemea mate.

"Sote tulijua!" Alikuwa Rosendo, sauti imepasuka. "Timu nzima! Mnamlaumu yeye kwa nini? Mimi ndiye niliyeudaka!"

"Na mimi ndiye niliyefunga," alisema Edmilson, akaja kusimama pembeni ya kipa. Mabega yao yakagusana.

Umati ulisita. Hasira ilikuwa inatafuta pa kwenda, na ghafla ikapaona: mwavuli ulikuwa unaelekea getini.

"Fungeni geti!" alipiga kelele Florinda. "Hatoki mtu hapa!"

Vijana wakakimbia. Mnyororo ukazungushwa, kufuli likabanwa, na ufunguo ukaingia kwenye aproni yake. Gari la kampuni likabaki ndani, linanguruma.

"Mama," alisema Mhandisi Brandão kwa upole, "nina safari ndefu."

"Timu utaichukua, sheria ni yenu. Lakini uwanja ni wa klabu! Bibi yangu alibeba udongo wa uwanja huu kwa kikapu cha kufulia, Jumapili baada ya misa, yeye na wenzake, mpaka kilima kikawa tambarare. Hapa tutaanza upya, hata kwa watoto wa shule. Na wewe utatoka hapa ukiwa umeomba radhi."

Watu wakaunguruma kukubali. Belmiro mwenyewe alihisi kitu kimesogea kifuani, kitu kilichokuwa kimelala muda mrefu. Uwanja. Kweli. Uwanja upo.

Brandão alifunga mwavuli wake, akautikisa maji.

"Bibi yako alifanya kazi nzuri sana," alisema. "Pametulia kweli, ni tambarare. Sasa mwulizeni mwenyekiti wenu mmesimama kwenye ardhi ya nani."

Wote wakamgeukia Amândio.

Mwenyekiti alikuwa amelowa mpaka nywele zimeganda kwenye paji.

"Oktoba," alisema mwishowe. "Niliuuza Oktoba. Wakati ule hatukuwa na mishahara ya wachezaji. Nilidhani... Miro, nilidhani nitaurudisha."

Oktoba! Kwa hiyo kufungwa kusingeokoa kitu. Edmilson angetolewa bure. Rosendo angeuacha mpira bure. Kampuni ingechukua ardhi, ingejenga nyumba, na Mablanketi wangeshuka daraja hadi barabarani. Belmiro alitaka kukasirika. Alitafuta hasira kila mfuko, akakuta mifuko imelowa.

Akaketi. Hapohapo, kwenye duara la katikati, kwenye matope.

Florinda alimtazama. Kisha naye akaketi, aproni na yote. Edmilson akaketi. Rosendo akaketi na mpira wake. Mzee aliyekuwa ameondoka akakuta geti limefungwa alirudi taratibu, akaokota skafu yake, akatandika chini, akaikalia. Mmoja mmoja, kwa kuguna na kushikana mikono, Penafria nzima ikaketi uwanjani mwa mtu mwingine.

Brandão hakubishana. Alikwenda getini, akazungumza kupitia vyuma na askari waliokuwa nje kulinda mechi.

Sajenti wao akasogea mbele, akavua kofia. Na Belmiro akamtambua.

Alikuwa Tadeu. Mwanawe wa pekee.

"Shangazi, fungua geti," Tadeu aliita. "Hiyo ni mali ya watu. Nina amri ya kuwatoa."

"Njoo uitekeleze," alijibu Florinda.

Tadeu akamtazama baba yake. Sauti ikashuka, ikawa ya nyumbani.

"Baba. Simama. Ukisimama wewe wote watasimama. Usinifanyie hivi mbele ya watu wangu."

Mji mzima ukamgeukia Belmiro Quintela. Alikuwa mzee, amelowa, na kitanda chake kilikuwa ng'ambo ya barabara tu. Akaweka viganja kwenye nyasi kana kwamba anataka kujiinua.

Viganja vikabaki hapo.

"Nimesimama sana leo, mwanangu," alisema. "Sasa nimekaa."

Tadeu alivaa kofia yake. Akainua mkono, na askari aliyekuwa nyuma yake akaleta mkasi mkubwa wa kukatia minyororo.